Kokwa za Zeituni

Kila Alhamisi, soko likishafungwa,
Quirino huanza vita upya.
Meza ya tatu, karibu na mashine ya kahawa:
paketi za sukari zimerundikwa kuwa mlima
na juu yake kizibo cha chupa, ndiyo monasteri.

"Wapolandi," asema, akipanga kokwa za zeituni.
"Hawa ndio waliofika kileleni.
Mnataka ushahidi gani tena?"

Ermete alikuwa muuza nyama, anapenda visu,
kwa hiyo yeye ni wakili wa Wagurkha:
walipanda usiku, asema, kimya kama moshi,
wakipapasa gizani kamba za viatu vya mlinzi
kujua ni wa upande gani.
Kila mwaka kisu chao huongezeka urefu.
Mwaka huu kimefika kiwikoni.

Ubaldo huzungusha kikombe kwanza.
"Wale wa miamvuli, basi. Adui ni adui,
lakini walikaa kifusini miezi, wakila vumbi."
Quirino humrukia: "Wewe ulikuwa na miaka sita!"
"Na wewe saba. Ulikuwa kikosi gani, mzee?"

Mwalimu Fulvio, kijana wa mjini, huleta Wasparta,
huleta Wamongolia waliosinzia juu ya farasi,
na walinzi elfu kumi wa mfalme wa Uajemi,
akifa mmoja pengo lake likizibwa papo hapo.
Wazee humsikiliza kwa adabu
kama mtu anayesomewa bei za soko la nchi nyingine.
Hao hawakupita hapa.
Hawakukanyaga mizabibu ya mtu.

Siku moja, macho yakiwa karatasini, Fulvio aliwataja
wale waliotoka milimani ng'ambo ya bahari,
waliopenya pale wengine waliposhindwa kupenya.
Ersilia, aliyekuwa dirishani akifuma soksi,
alikunja uzi wake, akatoka.
Mlango haukubamizwa. Ulifungwa polepole mno.
Hakuna aliyemweleza mwalimu kitu.
Aliitazama kahawa yake mpaka ikaota ngozi.
Tangu siku ile kikosi hicho hakina kokwa mezani.

Bibi yangu Nunziata, mwenye baa na mwenye meza,
huwaacha wapigane hadi saa kumi na mbili.
Mimi nasuuza glasi, nangoja kitambaa chake.
Jana alikuja nacho mkononi, lakini akasimama.

"Aliyekuwa mkali kuliko wote," alisema, "namjua.
Alikuwa na shingo ndefu na alikula nyasi."

Bata bukini wa mama yake.
Majira yale ya baridi, mmoja wa hao wa Ubaldo,
mabega kama mlango wa ghala, nishani kifuani,
alikwea mti wetu wa tini, buti moja likabaki chini,
akakaa huko nusu saa
huku bata akilizunguka shina kama askari wa zamu.
"Nilikuwa na miaka kumi na minne. Alinisihi kwa mikono.
Nikamfungia bata bandani. Akashuka,
akanipigia saluti kana kwamba mimi ni jenerali."

Walicheka hadi Ermete akayashika meno yake ya bandia.

"Akaishia wapi, yule kijana?"
"Wiki iliyofuata walimpitisha mlangoni kwetu,
amelazwa juu ya ngazi, koti usoni.
Lile buti lilikuwa na kamba nyekundu, ya kuazima.
Nilimpa mimi."

Ubaldo aliuliza, kwa sauti ya chini, habari za bata.

Bibi akafuta meza. Mlima wa sukari ukaporomoka;
Wapolandi, Wagurkha, wote na monasteri yao
wakaingia pamoja kwenye kisahani cha majivu.
"Bata nilimla mimi. Februari. Hakukubali upesi."
Akapandisha mkono wa sweta:
kovu jeupe, dogo, kama punje ya mchele.

Mashine ya kahawa ikapumua.
Nje mtu alikuwa anashindwa kuwasha gari.
Kisha Quirino, bila kumtazama yeyote,
akaagiza zeituni nyingine.